Uzito wa Kigari Chepesi

Mliponiaga dukani mwezi uliopita, mmoja wenu aliniuliza ni kigari gani cha mtoto ningempendekezea mzazi anayesafiri. Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni, nikajibu kwa kutikisa kichwa, na ninyi mkaangaliana kana kwamba mzee kaanza kupotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa na hasira, na hasira haimezeki pamoja na keki. Sasa nimekaa nyumbani, hakuna anayenisubiri nifungue mlango wa duka, kwa hiyo nitajibu kwa utaratibu. Mishahara na vyeo nitaviruka. Havikuwa vya kusimulia wakati ule, na havijanoga kwa kukaa.

Ninaposema kigari, nasema kile ambacho hapa Durban kila mtu, Mzulu, Mhindi, Mkongo na sisi wa Tanzania, anakiita pramu. Na nitasema zaidi juu ya vile vyepesi, vya kukunja, ambavyo boksi lake huwa na picha ya ndege na mama anayecheka. Mtazameni vizuri mama yule siku moja. Hana mkoba, hana begi, na mtoto wake hajatapika.

Nilifika Durban nikiwa fundi wa baiskeli kutoka Kigoma, na duka lilinichukua kwa sababu hiyo tu. Vigari vilikuwa vinarudishwa na magurudumu yaliyopinda, na mama mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa amechoka kuvitupa. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Nilikabidhiwa kwa MaDlamini, muuzaji mkongwe kuliko rafu zenyewe. Aliangalia shati, kisha mikono yangu.

“Bhuti,” akaniita, yaani kaka, “una watoto?”

“Wanne, Ma. Wako nyumbani.”

“Umeshawahi kumbeba hata mmoja huku unafungua mlango?”

Nikaanza kueleza kwamba mama yao ndiye hasa aliyekuwa anawabeba. Hakunisubiri nimalize.

“Nilijua. Njoo umshike Sipho.”

Sipho alikuwa gunia la mchele la kilo kumi, limeviringishwa blanketi la kitoto na kuvishwa kofia ya sufu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mashine ya malipo, na wateja wengine walimpungia mkono kabla hawajagundua. MaDlamini alinipa Sipho mkono wa kushoto, akanitundikia mkoba wake begani, akanipeleka nje hadi ukingo wa barabara na kuniwekea kigari mbele yangu.

“Teksi imesimama,” akasema. Teksi za hapa, kwa asiyezijua, ni vile vibasi vya abiria, na dereva wake hana subira ya kuazima. “Dereva anapiga honi. Nyuma yake kuna mwingine anapiga honi. Kunja.”

Nilikivuta, nikakisukuma, nikakipiga teke. Kilikunjika nusu, kikaniuma kidole, na Sipho akaanguka kichwa chini. Mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma pale nje akapiga ukelele: “Hawu! Baba ameua mtoto!”

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. MaDlamini hakuuza kigari cha safari kabla mnunuzi hajakikunja kwa mkono mmoja, ukingoni mwa barabara, Sipho akiwa mkononi. Wengi walicheka, wakajaribu, wakaacha kucheka. Namkumbuka mama mmoja wa Queensburgh, nadhifu, ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni, aliyekataa kabisa kumshika Sipho. Alisema gari lake lina buti kubwa, kwa hiyo yeye hahitaji mchezo wa gunia.

“Sawa,” MaDlamini akamwambia. “Na siku gari liko gereji?”

“Litakuwa gereji siku moja tu.”

“Siku hiyo mtoto atakaa nyumbani akikusubiri?”

Mama yule alimshika Sipho. Aliondoka na kigari tofauti kabisa na alichokuja kukinunua.

Meza yangu ilikuwa nyuma ya duka. Nilikuwa na spana, bisibisi, funguo za pembe sita, drili, kopo la ribiti, grisi, na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia viazi sokoni. Mizani hiyo niliinunua mwenyewe, na ndiyo iliyonifundisha kukasirika kazini. Niliwahi kupokea kigari kilichoandikwa kwenye boksi kwamba ni chepesi kuliko vyote. Nilikiunganisha, nikakitundika kwenye ndoano. Mshale ulipita namba ya boksi ukaendelea na safari yake. Nikadhani mizani imeharibika. Nikampima Sipho: kilo kumi barabara. Nikapima kigari kingine, na kingine. Karibu vyote vilikuwa vimekonda kwenye boksi na kunenepa kwenye ndoano.

Nikampigia simu wakala aliyetuletea.

“Uzito ulioandikwa ni wa fremu, bwana,” akaniambia. “Hauhesabu kivuli cha jua, wala mto, wala kikapu cha chini.”

“Mtoto atakaa kwenye fremu tupu?”

“Ni utaratibu wa kiwanda, bwana.”

Tangu siku hiyo, kila kigari kilichofika nilikipima kikiwa kamili, nikaandika namba ya kweli kwa kalamu nene juu ya namba ya boksi. Mwenye duka aliguna mara ya kwanza, kisha akaniletea kalamu mpya. Wateja hawakupungua. Wanaodhani ukweli unafukuza wateja hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta wakati mama anarudisha kitu alichodanganywa.

Yapo mengine ya kupima. Breki ikanyagwe kwa kidole cha mguu chenye ndala, maana wengi wetu tunavaa ndala. Mikanda ifunguke kwa mkono wenye jasho. Mgongo ulale, kwa sababu mtoto safarini atalala tu, na akilala ameketi wima kichwa kitaning'inia kama ua lililokosa maji. Neno “kinaingia ndani ya ndege” lisiwaamulie. Kila shirika lina kipimo chake, na mwenye neno la mwisho ni yule anayesimama kwenye mlango wa ndege asubuhi hiyo. Mwambieni mzazi aulize shirika lake kabla ya kununua. Mimi nimewaona waliorudi na kigari kilichosafiri chini na mizigo kikatoka huko na magurudumu matatu.

Lakini nilitaka kuwaeleza juu ya wateja wetu hasa. Kadiri Wakongo walivyoongezeka mjini, wenye saluni na wenye vibanda vya simu na wenye kuuza vitenge, ndivyo vigari vya aina moja ya ubovu vilivyoongezeka mezani kwangu. Kitambaa cha kukalia kilichanika katikati, na ekseli ya mbele ilipinda kuelekea chini. Sikuelewa mpaka siku niliyosimama kwenye roboti, ndivyo wenyeji wanavyoita taa za barabarani, nikamwona mteja wangu akivuka. Mtoto alikuwa mgongoni, kafungwa kitenge, amelala fofofo. Kwenye kigari kulikuwa na unga wa mahindi, galoni la mafuta na robota la nywele za bandia. Nikaanza kuhesabu wengine, nikaacha, kwa sababu walikuwa ni karibu wote. Mtoto anakaa mahali pake, mgongoni. Kigari kinabeba mzigo. Mama mmoja nilipomuuliza alinishangaa.

“Papa, mutoto analia ndani ya ile kintu. Unga hailii.”

Kiwanda kikakataa kutengeneza vigari vile vilivyokuwa bado kwenye udhamini. Jibu lilikuwa moja kwa wote: matumizi yasiyokusudiwa. Nilimsomea MaDlamini. Alikuwa anakula mkate wake wa mchana, akaacha kutafuna.

“Nani hakukusudia?” akauliza. “Mama alikusudia kabisa. Alikusudia kufika nyumbani.”

Basi nikawa nabadilisha ekseli mwenyewe, kwa bomba nene kidogo, na kushonesha kitambaa mara mbili. Na tulipouliza mteja anasafiri wapi, tukaanza kuuliza pia: nani atakaa mgongoni, nani atakaa kwenye kigari? Swali hilo hamtalikuta kwenye karatasi zenu za mafunzo.

Mwenye duka alipozeeka aliuza biashara kwa kampuni yenye maduka mengi. MaDlamini alistaafu mwaka huohuo, akarudi kwao kufuga kuku, na nikasikia kuku wale walikuwa wanapimwa. Kampuni ikatuletea meneja, Keegan. Kijana mwenye adabu, viatu vinang'aa, kila sentensi yake ilianza na “kwa hiyo”. Wiki ya kwanza aliiondoa mizani yangu dukani. Wiki ya pili nikamkuta Sipho kwenye pipa la taka nyuma, kofia ikiwa bado kichwani.

“Huyu ametupwa na nani?” nikauliza.

“Kwa hiyo, Asumani, wateja wananunua ndoto,” Keegan akasema. “Hakuna anayeota gunia la mchele.”

“Ndoto unaikunja kwa mkono mmoja?”

Alicheka, akanipiga bega. Nilimchukua Sipho nikaenda naye nyumbani, kwa familia iliyokuwa imeshanifuata Durban, tukamla. Keegan akapiga marufuku kuandika kwenye maboksi, na akapiga marufuku kubadilisha chochote kwenye kigari ndani ya duka. Meza yangu ilibaki ya kuunganisha vigari vipya tu. Kila mwezi tulipewa kigari cha aina moja cha kuwasukumia wateja wanunue. Mwezi ninaousema sasa kilikuwa kinaitwa cha safari, chembamba kama mwavuli, na mbele yake kulikuwa na bomba la kumzuia mtoto lililofungwa kwa ribiti, pini zisizofunguliwa kwa bisibisi. Halikutoka.

Ijumaa moja nilikwenda msikitini kwa swala, nikarudi nikaambiwa mteja Mkongo alikuja kunitafuta, akahudumiwa na meneja mwenyewe, akaondoka amefurahi. Jumamosi asubuhi alirudi. Alikuwa Mama Plamedi, mwenye saluni ndogo mitaa miwili kutoka kwetu, anayeishi Cato Manor. Boksi alilibeba kichwani. Mtoto alikuwa amembeba mbele, mikono yote miwili ikimzunguka, na ndipo nikaona kwa nini hakuwa mgongoni. Plamedi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Kuanzia kiunoni hadi vifundoni alikuwa ndani ya plasta ngumu, miguu imepanuliwa kama mtu aliyepanda farasi. Mtoto wa namna hiyo kitenge hakimfungi. Na ni mzito. Plasta peke yake ina uzito wa mtoto wa pili.

“Papa Asumani,” akasema, hata salamu haikutoka vizuri. “Niambie mutoto anaingia wapi hapa.”

Akamshusha juu ya kaunta. Nikafungua kigari. Kiti kilikuwa chembamba, na bomba la mbele lilipita mahali hasa ambapo plasta ilikuwa imepanuka. Mtoto angeweza kukaa juu yake kama ndege juu ya waya, si ndani yake.

Safari yenyewe haikuwa ya kwenda Pinetown, hapa jirani. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa Lubumbashi, mgonjwa wa namna ambayo watu wa nyumbani huacha kusema “atapona” na kuanza kusema “fanya haraka”. Hakuwa amemwona mjukuu huyu hata siku moja. Kila simu alikuwa anauliza jambo moja: nitamshika lini? Tiketi za basi zilikuwa tayari, Jumatano, Durban hadi Johannesburg, na kutoka hapo kupanda juu kupitia Zimbabwe na Zambia. Anayejua njia ile anajua mipaka. Kila mpaka unashushwa na kila kitu chako, unapanga foleni juani. Daktari aliruhusu safari kwa sharti moja, mtoto akae ameegemea, asibebwe mikononi saa nyingi. Bila kigari kinachomwingia, Mama Plamedi asingesafiri, na mama yake asingemshika mjukuu. Hesabu ilikuwa fupi hivyo.

Keegan alikuja akatabasamu. Akaeleza kwamba boksi limefunguliwa na magurudumu yamegusa ardhi, kwa hiyo hakirudishwi.

“Ulimwona mtoto jana?” nikamuuliza.

“Mama alisema ni wa miaka miwili. Kinafaa mpaka miaka minne.”

“Mi nilikuambia iko na plasta,” Mama Plamedi akasema kwa Kiingereza chake. “Nilikuonesha na mikono.”

“Kwa hiyo, madam, naelewa. Lakini kigari hiki kimetengenezwa kwa mtoto wa kawaida.”

Mama Plamedi hakupandisha sauti. Alimshika mwanawe kichwa, kama mtu anayeficha masikio ya mtoto asisikie, halafu akanigeukia akasema kwa Kiswahili, ili Keegan akose hata heshima ya kutukanwa:

“Papa, mutoto wa kawaida ni gani? Huyu wangu ni wa nini?”

Nimefikiria sana swali hilo. Mtoto wa kawaida ndiye yule wa kwenye boksi. Halii, hatapiki, hajavunjika, hana bibi anayekufa mbali, na barabara yake yote ni sakafu ya uwanja wa ndege. Miaka yote niliyokaa dukani sikuwahi kumuuzia hata mmoja.

Nikamwambia Keegan kwamba kigari ni mali ya mama huyu, na kampuni imekataa kukipokea, kwa hiyo hakiihusu tena.

“Ukikigusa ndani ya duka, udhamini unakufa.”

“Ulishakufa. Tunakwenda kuuzika nje.”

Mchana huo, saa ya chakula, nilitoa sanduku langu la vifaa nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Nilitoboa ribiti za bomba la mbele, nikaling'oa. Vijana, lisikilizeni hili, maana ndipo mafundi wanapokosea. Bomba lile lilikuwa pia linashika pande mbili za fremu zisikaribiane. Ukiling'oa ukaacha hivyo, mtoto anakaa vizuri dakika moja, kisha kigari kinajifunga naye ndani. Nikachukua mpini wa kigari kilichokufa zamani, nikaukata, nikaupitisha chini ya kiti kwa upana mpya na kuupigia ribiti mbili kila upande, na nyuma nikakata viungio vya kukunjia nikavirefusha kwa kiasi hichohicho, ili kiendelee kukunjika. Kitambaa cha kukalia kilikuwa hakitoshi tena. Mama Plamedi akavua kitenge cha juu alichokuwa amevaa.

“Pima kwa hiki.”

“Mama, ni kizuri hiki.”

“Ndiyo sababu.”

Fundi cherehani wa mlango wa pili alikishona tabaka nne, akarudishia na mikanda. Kabla ya kumkalisha mtoto nilikijaza kigari mchele wa dukani kwa jirani, mara mbili ya uzito wake, nikakisukuma kushuka na kupanda ukingo mpaka mwenye mchele akaanza kuuliza kama nimerukwa na akili. Jumatatu nikamtaka Mama Plamedi akipeleke kliniki, nesi wa plasta akamkalisha Plamedi na kuulaza mgongo wa kiti kidogo zaidi. Nesi aliuliza kimenunuliwa wapi. Mama Plamedi akamwambia, hawauzi.

Jumanne jioni alifanya mtihani, mbele ya saluni yake. Hapakuwa na Sipho. Alimshika Plamedi mwenyewe, plasta na yote. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alishindwa, akaketi chini akalia, na mimi nikatazama upande mwingine. Mara ya tatu nilimwonyesha kukanyaga ekseli ya nyuma kwanza, ili mkono ubaki na kazi ya kuvuta tu. Kikakunjika.

Jumatano nilimsindikiza kwenye basi. Kondakta alikuwa kijana wa Kizulu mwenye filimbi shingoni, ambayo sikuelewa ni ya nini. Alisema kigari kinakwenda chini na mizigo, na ndani ya basi abiria ana haki ya begi moja tu. Mama Plamedi alikuwa na mawili: la nguo, na la dawa na chakula cha mtoto, ambayo hakuna hata moja aliloweza kuliweka mbali. Hakubishana. Akanipa Plamedi nimshike. Akainama, akaliweka begi la nguo mgongoni, akalifunga kwa kitenge, fundo juu ya kifua, akalipigapiga chini mara mbili kama anavyofanya kila mama. Kisha akamchukua mtoto wake mkononi, akakanyaga ekseli, akavuta. Kigari kikajikunja. Mtu kwenye dirisha la basi alipiga makofi.

Kondakta, aliyekuwa ameinamia mizigo wakati fundo likifungwa, alimtazama mgongo, uso wake ukalainika. Akamshika kiwiko kumsaidia kupanda.

“Pole, Ma. Kumbe una wawili. Wa mgongoni ana miezi mingapi?”

“Bado mudogo,” Mama Plamedi akajibu, akapanda.

Aliponiaga dirishani nilimwambia kwamba ameanza safari na uongo.

“Uongo wapi, Papa? Begi iko mudogo.”

Keegan alinipa onyo la maandishi kwa kufanya kazi ya mteja mbele ya duka nikiwa nimevaa sare. Nililipokea, nikalikunja kwa mkono mmoja.

Siku zilipita bila habari. Kila basi lililoripotiwa kuharibika kwenye njia ya kaskazini nilikuwa naulizia. Kisha simu ikalia nikiwa katikati ya kuunganisha vigari, namba ya Kongo. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, ya polepole, yenye kupumzika kati ya maneno.

“Jambo, Papa Asumani. Ni miye, nkambo wa Plamedi.” Nkambo kwao ni bibi.

“Jambo sana, mama. Hali yako?”

“Hali yangu, tuiache. Mutoto iko hapa. Analala juu ya tumbo yangu, pamoja na ile saruji yake.”

Nikaweka spana chini. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, na nadhani wateja walinisikia.

“Na kigari, mama? Kilifika salama?”

“Ile gari?” Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri. “Ilifika. Lakini magurudumu ilikufa siku ya kwanza, kwa njia ya hapa kwetu. Iko matope, iko mawe. Mbili ilitoka. Njo wajomba zake wakakamata ile kiti, mutu ine, wakamubeba juu ya mabega mupaka kanisani. Kama mwami ndani ya kipoyi.”

Kipoyi ni kile kiti walichobebewa machifu zamani, watu wanne chini, mmoja juu. Nikamwona Plamedi, miguu imepanuka, akipita juu ya vichwa vya mtaa mzima.

“Alilia?”

“Kulia? Anacheka! Anafikiri njo vile gari inatembea.”

Fremu ilikuwa imeshika. Kitenge kilikuwa kimeshika. Kilichokufa ni vile vigurudumu vya plastiki, ambavyo sikuvibadilisha kwa sababu hakuna kikubwa kinachoingia kwenye uma wake. Kiwanda kilihakikisha hivyo. Nilifurahi, na furaha ilipofika kooni ikakutana na ile hasira yangu ya zamani, ikakaa. Bibi naye hakuwa amemaliza.

“Papa.”

“Naam, mama.”

“Ile mutu alitengeneza magurudumu ya vile, iko na mutoto?”

“Sijui, mama.”

“Muulize.”

Nilimuuliza Keegan, akasema barabara ya mawe ni matumizi yasiyokusudiwa. Nikamwambia ni barabara ya nyumbani kwa bibi. Nikamwandikia wakala, naye akanielekeza kiwandani. Nikaandika kiwandani, kwa Kiingereza nilichosaidiwa na binti yangu, tukaliandika swali kama lilivyoulizwa, bila kulipamba. Wakanijibu kwamba wanathamini maoni yangu. Nikaandika tena kwamba sikutoa maoni, nimeuliza swali. Wakanijibu kwamba wanathamini maoni yangu.

Mama yake Mama Plamedi aliishi wiki chache baada ya hapo, na wiki zote hizo alilala na mjukuu tumboni. Hayupo tena wa kuniuliza nimejibiwa nini. Mimi nimestaafu, barua zangu sasa ni za mzee mmoja wa mtaani. Ninyi mna namba ya kiwanda kwenye ukuta wa ofisi, chini ya kalenda. Pigeni. Wakipokea, msianze na uzito wala ukubwa. Ulizeni kama alivyouliza yule bibi wa Lubumbashi, halafu msikate simu.